Daftari la Mipira Mibovu

Haradali ilimpata Verlene Tisdale kifuani, juu kidogo ya kifungo cha pili cha gauni lake jeupe.

Ilikuwa Jumamosi ya Aprili, saa nne asubuhi, na banda la nyama ya moshi la Pettus lilikuwa limejaa hadi nje. Kila mtu mjini Pruett alitaka kula kabla ya mechi ya mazoezi ya futiboli ya Kimarekani, ile ambayo Nyigu wa Chuo cha Cotterill hujigawa pande mbili na kucheza wenyewe kwa wenyewe, na bado watu wa Alabama hujaza uwanja kama fainali. Moshi wa kuni uliingia machoni. Wanaume walivaa fulana za njano, akina mama walivaa hereni zenye umbo la nyigu, na bwana mmoja alikuwa amempaka mbwa wake mistari myeusi.

Verlene alikuwa na miaka ishirini na tatu. Alijifunga mkanda mweusi kiunoni, viatu vyake vilikuwa vya njano, na kwapani alibana daftari la jalada gumu. Alitazama doa. Akatazama chupa ya haradali iliyokuwa ikibingirika sakafuni. Kisha akamtazama kijana aliyeirusha.

Foleni nzima ikageuka, maana kijana huyo alikuwa Ansel Guidry, namba tisa, mrushaji wa Nyigu kwa miaka mitatu, mtu ambaye kila mpira wa timu huanzia mkononi mwake. Alikuwa mrefu, mwenye nywele nyeusi zilizokatwa ovyo na pua iliyowahi kuvunjika. Chupa alikuwa amemrushia mwenzake, mdakaji Marquel Odom, aliyesimama karibu na meza ya mikate. Ila ilipofika, Odom alikuwa ameshasogea.

"Samahani sana, dada." Ansel alikuja mbio na karatasi za kufutia mikono. "Kosa ni langu."

"Najua ni lako," Verlene alisema. "Miaka mitatu uko kwenye timu, na hata haradali huwezi kumfikishia mtu."

Foleni ikacheka. Masikio ya Ansel yakawa mekundu.

"Chukua karatasi basi."

"Niletee mkononi. Usinirushie."

Alijifuta, doa likazidi kutanuka. Akafungua daftari palepale, akachomoa kalamu iliyokuwa kwenye nywele zake, akaandika.

"Unaandika nini?"

"Haradali. Umbali, hatua tano. Mkabaji, hakuna. Mbaya."

Ansel alipinda shingo asome. Aliona tarehe, alama, mistari iliyopigwa kwa rula, na namba tisa, namba tisa, namba tisa, ukurasa mzima. Ndipo akaitambua sauti. Kila Alhamisi, kwenye kipindi cha redio cha Saa ya Nyigu, kuna mwanamke alikuwa akipiga simu. Hakutaja jina. Alisema tu, "Hapa ni kiti cha thelathini na nne," kisha akasoma makosa ya Ansel kwa utaratibu mpaka mtangazaji, Dub Meeks, akamwomba apumzike.

"Ni wewe," Ansel alisema.

"Ni mimi."

"Miaka mitatu nakutafuta."

"Ili iweje?"

"Nikuulize walikulisha nini ulipokuwa mtoto."

"Matairi," Verlene alisema, akageuka kuagiza nyama.

Hakuwa anatania sana. Baba yake, mzee Hoyt Tisdale, alikuwa na duka la matairi nyuma ya kituo cha mabasi ya shule, na Jumatatu yake Ansel alilikuta. Verlene alikuwa amevaa ovaroli la buluu lililokunjwa miguuni, akiwa na spana mkononi.

"Gari lina nini?"

"Gurudumu la nyuma. Linapoteza upepo."

Verlene aliinama, akatazama, akainuka. "Halipotezi kitu. Umeutoa wewe mwenyewe. Kifuniko kiko mfukoni mwa shati lako, nakiona."

"Wewe unaona kila kitu, eti?"

"Ndiyo kazi yangu."

Ilikuwa kazi yake kweli. Mzee Hoyt alipofushwa na sukari miaka sita iliyopita, lakini hakuacha kwenda uwanjani. Alikaa kiti cha thelathini na tatu, binti yake cha thelathini na nne, na Verlene alimweleza kila mpira: umetoka wapi, umefika wapi, nani kadaka, nani kaanguka. Kisha aliandika, ili nyumbani amsomee tena. Macho ya watu wawili yalikuwa kwenye kichwa kimoja, kwa hiyo alijizoeza kutokosea.

"Nani huyo?" mzee aliuliza kutoka kwenye kiti chake kando ya redio.

"Guidry, baba."

"Yule wa mipira mibovu? Mpe chai ya barafu. Ashike glasi kwa mikono miwili."

Hivyo ndivyo mapenzi yao yalivyoanza, kwa matusi, na yaliendelea kwa matusi mwezi wa Mei na wa Juni. Ansel alipiga simu mchana kumuuliza kama amekula, Verlene akamjibu kwamba kula kwake hakumhusu mtu asiyejua kurusha upande wa kushoto. Verlene alipiga simu kumuuliza bega lake linaendeleaje, Ansel akamjibu kwamba atasoma habari zake kwenye daftari. Halafu wote wawili walikaa na simu sikioni bila kusema kitu, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukata.

"Bado upo?"

"Nipo, mchokozi."

"Mchokozi ni wewe, mpenzi."

"Umeniitaje?"

"Nimekosea kutamka."

Jioni moja ya Julai walikuwa barazani wakila tikiti maji, mzee akisinzia ndani. Ansel alimsogelea ambusu.

"Umevaa jezi nyekundu?" Verlene aliuliza.

Mazoezini mrushaji huvaa jezi nyekundu, na aliyevaa nyekundu haguswi na mtu.

"Sijavaa. Kwa nini?"

"Maana leo nina hamu ya kukugonga," alisema, akambusu yeye kwanza. Mdomo wake ulikuwa na maji ya tikiti.

Baadaye Ansel alimwambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Huu ulikuwa mwaka wake wa mwisho chuoni. Kocha Brandt alikuwa ameleta kijana kutoka Texas, Trace Hadley, miaka kumi na minane, mwenye mkono kama kombeo. Nafasi ya mrushaji ni moja. Kocha angetaja jina la mmoja wao wiki ya mwisho ya Agosti, na asiyetajwa angesimama pembeni msimu mzima akiwa ameshika ubao wa karatasi.

"Miaka miwili ya kwanza nilicheza kwa sababu mrushaji mkubwa aliumia," alisema. "Mwaka jana timu ilikuwa mbovu nzima. Nataka msimu mmoja tu ambao ni wangu, Verlene. Mmoja. Baada ya hapo hakuna timu ya kulipwa itakayonipigia simu, najua."

"Sitakupendelea."

"Sijakuomba."

"Uso wako unaomba."

"Uso wangu una pua iliyovunjika. Usiusome sana."

Mazoezi ya wazi ya mwisho yalikuwa Jumamosi ya tatu ya Agosti. Joto lilikuwa la kuyeyusha lami, na watu elfu nane walikuja na feni za mkononi na mifuko ya karanga za kuchemsha. Hadley alirusha mipira mirefu, watu wakasimama. Ansel alirusha mifupi mifupi, watu wakapiga miayo. Kisha ikaja ile moja. Ansel alirudi nyuma hatua tatu, akatazama kushoto, akauachia mpira kwenye nyasi tupu kando ya mstari mweupe. Hapakuwa na mdakaji hata mmoja. Mkabaji wa upande wa pili aliudaka kama mtu aliyepewa zawadi, akakimbia nao hadi mwisho.

Uwanja ukazomea. Bwana mmoja mnene nyuma ya Verlene alisimama, akafanya mikono yake kuwa kipaza sauti. "Mrudisheni kwao Louisiana! Mpeni nauli!"

"Umeanguka wapi?" mzee Hoyt aliuliza. Ndivyo alivyouliza kila mpira, miaka yote sita.

"Pasipo na mtu, baba."

"Pasipo na mtu kabisa?"

"Kabisa. Odom alikuwa kule, mpira huku."

Baada ya mazoezi waandishi walimzunguka Ansel na vinasa sauti vyao, wakamuuliza kuhusu mpira ule. Odom alikuwa amesimama hatua mbili kutoka hapo, akitazama viatu vyake.

"Kosa ni langu," Ansel alisema.

Verlene aliisikia kwenye redio ya gari. Akaandika: *Mbaya. Amekiri.*

Alhamisi alikaa na simu mapajani kwa muda mrefu. Alijiambia kwamba kweli ni kweli hata kama mtu ana midomo ya tikiti. Alijiambia kwamba akinyamaza sasa, daftari lote la miaka mitatu litakuwa porojo. Akapiga.

"Hapa ni kiti cha thelathini na nne."

"Dada yangu!" Dub Meeks alipiga kelele. "Tulidhani umekufa! Tusomee."

"Mipira mibovu arobaini na mmoja tangu aanze. Kumi na saba amekiri kwa mdomo wake mwenyewe, nina tarehe. Watu wanasema mrushaji hukua kadiri anavyocheza. Huyu hajakua. Mwaka wa nne ni uleule wa kwanza, kabadilisha soksi tu. Kocha amkalishe."

Ijumaa asubuhi neno "hajakua" lilikuwa mdomoni mwa kila mtu. Lilisemwa kwa kinyozi, lilisemwa benki. Wanafunzi waliliandika kwenye shuka la njano wakalitundika dirishani, na mtu akalichora kwa kidole kwenye vumbi la gari la Ansel.

Ansel alipiga simu saa sita mchana.

"Umemaliza?"

"Nimesema ninachokiona."

"Unaona nini?"

"Mpira ukianguka! Kama kuna kitu sijakiona, kiseme sasa hivi. Nieleze. Kwa nini uliurusha pale?"

Ansel alikuwa na jina la mtu kwenye ncha ya ulimi. Akalimeza.

"Kosa ni langu," alisema.

"Unasikia? Unakiri mwenyewe, halafu unanikasirikia mimi nikiandika!"

"Sikukasirikii kwa kuandika. Andika mpaka wino uishe. Nakukasirikia kwa sababu ulikaa na mimi barazani ukanisikiliza nikikuambia kitu ambacho sijamwambia mama yangu, halafu ukampigia Dub Meeks kabla ya kunipigia mimi."

"Ulitaka nidanganye?"

"Nilitaka uniulize."

"Nakuuliza sasa!"

"Sasa umeshajibu. Mji mzima unaimba jibu lako. Nimetoka kuosha gari, Verlene."

"Usinifanye mimi ndiye niliyepoteza ule mpira."

"Sijakufanya kitu. Kaa salama kwenye kiti chako."

Alikata. Verlene aliirusha simu kwenye rundo la matairi, ikadunda, ikamrudia miguuni.

Jumatatu kocha alimtaja Hadley. Magari yalipiga honi kuzunguka uwanja wa mahakama mara nne. Mama mmoja asiyemjua Verlene vizuri alileta dukani keki ya pichi yenye kadi: *Asante, kiti cha 34. Umetuokoa.* Verlene aliitazama keki kwa muda, akaipeleka nyuma, akaitupa na sahani yake.

"Ilikuwa ya nini?" mzee aliuliza.

"Ilikuwa imeharibika."

"Nilisikia harufu yake. Haikuwa imeharibika."

"Baba, niache."

Jumatano aliingia Marquel Odom na pancha. Alikuwa kijana mpana wa mabega, mcheshi siku zote, lakini siku hiyo alisimama mlangoni kama mtu aliyekuja kutoa pole. Verlene aliliinua gari kwa jeki, akatoa gurudumu, akachomoa msumari.

"Dada, lile daftari lipo?"

"Unalitaka la nini? Umo mara mbili tu. Umedaka vizuri."

"Naomba nilione."

Alimpa. Odom alikaa juu ya tairi, akafungua ule ukurasa wa Agosti, akaweka kidole.

"Huu ulikuwa wangu."

"Wako vipi? Aliurusha yeye."

"Mchezo tuliopangiwa ulisema niende mbele hatua kumi, nikate kwenda kushoto, mstarini. Mimi nikakata kulia. Nilisahau, dada. Kichwa kilikuwa kimechemka kwa jua. Yeye aliurusha mahali nilipotakiwa kuwa. Ulikuwa mpira mzuri kuliko yote ya siku ile."

Verlene alikaa chini polepole, spana mkononi.

"Alisema kosa ni lake."

"Anasema hivyo siku zote. Mrushaji hasemi jina la mtu. Akimtaja mwenzake mbele ya waandishi mara moja tu, kesho hakuna atakayemkimbilia mpira wake, wala atakayemkinga asipigwe. Hiyo iko hivyo timu zote. Sisi tulidhani kila mtu anajua." Alifunua kurasa. "Huu wa mvua wa mwaka juzi, mlinzi wake aliteleza, akapigwa mkononi wakati anaachia. Huu kocha mwenyewe alipanga mchezo mbovu. Huu wangu tena. Huu wangu. Huu wa yule aliyehama chuo."

Alichukua kalamu ya Verlene, akapita kwenye ile kumi na saba, mmoja mmoja, akitia alama kila usio wa Ansel. Alipofika mwisho, mitano tu ilibaki bila alama. Kisha akacheka kwa aibu, akaonyesha mstari wa Aprili.

"Hata haradali. Aliniambia, Marquel, kaa hapohapo. Nikasogea kumfungulia bibi mmoja mlango."

Verlene hakucheka. "Kwa nini hukusema? Watu elfu nane wanamzomea, na wewe uko hatua mbili, unatazama viatu!"

"Nilimwambia nitasema. Akanikataza. Akasema, wewe una miaka miwili bado ya kucheza hapa, mimi nina mmoja."

"Na kocha? Kocha alijua?"

"Kocha ana video kutoka juu ya paa, anaitazama mara ishirini. Anajua nani alikata wapi. Hiyo redio yako hajaisikiliza hata dakika moja, dada, usijipe kazi."

Hilo nalo lilimchoma, na alijichukia kwa sababu lilimchoma.

Alimfuata Ansel jioni ileile kwenye geti la uwanja wa mazoezi. Hakubadilisha nguo, alikuwa na ovaroli na grisi shavuni. Wachezaji walitoka, wakamtambua, na mmoja akatema mate chini. Ansel alitoka mwisho, amebeba mfuko wa mipira begani kama mtumishi wa Hadley.

"Odom amekuja dukani," Verlene alisema.

"Odom ana mdomo mpana."

"Kumi na saba. Yako ni mitano."

"Sita. Ule wa mpira uliolowa, dhidi ya wale jamaa wa Georgia, Odom hakuwa uwanjani, hajui. Ulikuwa wangu. Rekebisha daftari."

"Usinifanyie dharau, Ansel. Nimekuja kusema nitapiga simu kesho. Nitasema nafasi ilikuwa yako, wamekudhulumu."

"Usithubutu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni uongo." Aliuweka mfuko chini. "Hadley ni bora kuliko mimi. Anarusha mipira ambayo mimi hata ndotoni siirushi. Ulipata jibu, Verlene. Hesabu ndiyo ilikuwa mbovu."

Verlene alijifuta grisi shavuni, ikazidi kutanuka.

"Ulisema sijakua," Ansel aliendelea, na sasa sauti ilikuwa imepanda. "Mwaka wa kwanza nilikuwa naona mdakaji mmoja, basi, nafumba macho narusha. Sasa hivi nawaona wote wanne, na namwona mkabaji aliyechoka, na najua kocha wao atafanya nini kabla yeye hajajua. Nimekua mpaka mwisho wangu! Sema tu mwisho wangu uko hapa," akaweka kiganja usawa wa kifua, "na yule mtoto anaanzia hapahapa. Hilo huwezi kuliona kutoka kiti cha thelathini na nne."

"Linaonekana kutoka wapi?"

"Sijui. Mimi mwenyewe limenichukua miaka minne."

Filimbi ililia mahali fulani ndani.

"Doa la haradali lilitoka?" Ansel aliuliza.

"Halikutoka."

"Vizuri," alisema, akabeba mfuko wake, akaondoka.

Mechi ya kwanza ya msimu ilichezwa Jumamosi saa sita mchana. Verlene alivaa lile gauni jeupe na doa lake la njano. Alikuwa na nguo nyingine. Alivaa hilo.

Ansel alikuwa pembeni ya uwanja, kofia ya njano kichwani, ubao wa karatasi mkononi. Hadley alianza kwa moto, na mji ukaimba jina lake. Nyigu waliongoza hadi robo ya tatu. Halafu mtoto wa Texas alirudi nyuma, akautupa mpira katikati, kwenye nyasi tupu, na adui akaudaka, akakimbia nao hadi mwisho.

Kelele iliyotoka ilikuwa ileile ya Agosti. Bwana mnene nyuma yao alisimama, akafanya mikono kuwa kipaza sauti.

"Mtoeni huyo! Mleteni Guidry! Guidry ana uzoefu!"

Verlene aligeuka. "Wewe! Jumatatu ulipiga honi mpaka betri ikafa. Nilikuuzia betri mimi! Kaa chini!"

"Dada, mimi nasema ninachokiona..."

"Huoni kitu! Unaona mpira ukianguka, basi. Kaa chini kabla sijakumwagia soda."

Alikaa. Mzee Hoyt alisubiri, kisha akauliza kama kawaida:

"Umeanguka wapi?"

"Pasipo na mtu, baba."

"Kosa la nani?"

Verlene aliangalia chini, akaona Ansel akimwendea Hadley, akimshika kofia yake ngumu kwa mikono miwili, akimwambia kitu sikioni.

"Sijui," alisema.

Mzee aligeuza uso wake kumwelekea. Miaka sita, hakuwahi kulisikia neno hilo. "Utaandika nini?"

"Sitaandika. Nitaacha wazi."

Nyigu walishindwa kwa pointi tatu. Watu walirudi kwenye maegesho, ambako majiko ya nyama yalikuwa bado yanawaka na kila gari lilikuwa limefungua redio, zote kwenye kipindi cha Dub Meeks cha baada ya mechi. Hadley aliletwa mbele ya vinasa sauti. Sauti yake ilikuwa ya mtoto.

"Kosa ni langu," alisema.

Verlene alijua ameyapata wapi maneno hayo. Alikaa nyuma ya pikapu ya baba yake, kati ya sufuria ya karanga na chupa za sosi, akapiga simu.

"Hapa ni kiti cha thelathini na nne."

Aliisikia sauti yake ikitoka kwenye redio hamsini kwa wakati mmoja. Watu waliokuwa wakigeuza nyama waliinua vichwa.

"Karibu, dada!" Dub Meeks alisema. "Mtoto naye ameanza kukujazia kurasa!"

"Sikupigii kwa habari ya mtoto. Nimepiga kwa sababu ya Guidry. Ile kumi na saba niliyosoma hapa, mingi haikuwa yake. Yeye alisema ni yake, na mimi nikaandika, kwa sababu sikujua kwamba watu wa aina hiyo husema hivyo. Nilisema hajakua. Nilikuwa natazama mpira, sikuwa namtazama yeye. Kosa ni langu."

Dub Meeks alikohoa kwenye kipaza sauti.

"Dada, kuna mtu amekulazimisha kusema hivyo?"

"Dub, fumba mdomo wako siku moja tu katika maisha yako," Verlene alisema, akakata.

Hakuna aliyempigia makofi. Mama mmoja alisema kwa sauti, "Kumbe alikuwa hajui kitu muda wote huu," na mwingine akaitikia. Verlene alikaa na kula karanga. Zilikuwa na chumvi nyingi.

Ansel alifika baada ya nusu saa, nywele zikiwa bado na maji, shati jeupe halijafungwa vifungo vya mikono. Watu walimpisha. Alisimama mbele ya pikapu, akalitazama gauni.

"Nimekusikia."

"Mji mzima umenisikia."

"Mtu akisema kosa ni lake, mimi siamini haraka. Nauliza kwanza." Alikunja uso. "Ni lako kweli, au unamfunika mtu?"

"Langu. Lote. Na nimeshatukanwa, kwa hiyo kama umekuja kuongeza, panga foleni."

"Nimekuja kukuambia Januari naenda Louisiana. Kuna shule ya sekondari imenipa vijana niwafundishe kurusha."

"Nenda. Safari njema."

"Kule kuna maduka ya matairi."

"Kila mahali kuna maduka ya matairi, Ansel."

"Ila hakuna mtu wa kunitukana vizuri. Wa kule wanatukana ovyo, hawaweki tarehe."

Mzee Hoyt aliinua kichwa kutoka kwenye kiti chake cha kukunja. "Kijana, unamwoa au unamwajiri?"

"Namwoa, mzee. Akikubali."

"Hajaniuliza mimi," Verlene alisema. "Amekuambia wewe. Unaona tabia yake?"

Ansel alinyoosha mkono kwenye chupa za sosi, akachukua ile ya haradali, akaangalia kama imefungwa, akarudi nyuma hatua tano katikati ya moshi. Watu wakasogea kando haraka, maana bado waliikumbuka mipira yake.

"Verlene," alisema. "Kaa hapohapo."

Kila kitu mwilini mwake kilitaka kukwepa. Hakusogea.

Chupa ilitoka mkononi, ikapita juu ya jiko la mtu. Sauti ilisikika, ndogo, kama kofi.

"Binti," mzee Hoyt aliuliza, "umeanguka wapi?"

Verlene alikuwa ameibana chupa kifuani kwa mikono miwili, palepale penye doa.

"Haujaanguka, baba."